Mtani wa Upande wa Jua

Ujumbe wa Pazi ulifika saa tatu na dakika nane asubuhi, na mimi nikacheka. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akanisifu baadaye. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, kitumbua mdomoni na miguu juu ya kiti cha pili, kinyume cha kanuni zote za chumba cha mawasiliano. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia gaunini.

"Mnyamwezi wee," alisema, "jitwike mzigo wako uingie ndani ujifungie, kuna mgeni anakuja. Mimi Pazi nimeshakufa, nimekufa ngomani kama kawaida ya Wazaramo. Kwenye matanga yangu usije ukawapikia watu ugali wako wa muhogo."

Halafu laini ikakatika.

Kukatika hakukunishtua. Sauti yake ilitufikia kwa satelaiti. Zilikuwa mbili, moja ikafa mwaka juzi, na iliyobaki ilizama nyuma ya sayari yetu, Pandikizi, mara kadhaa kwa siku, dakika ishirini na sita kila mara. Pazi alizijua dakika hizo kuliko mimi. Alipenda kutupa tusi lake sekunde ya mwisho, ili nikae muda wote huo nikikuna kichwa kutafuta la kujibu.

Nikageuza kiti kuelekea kwenye kioo, maana matusi yangu mazuri huwa nayapata nikimtazama Pandikizi. Kwa kweli hatazamiki. Ni weusi tu, duara la weusi lililojaza robo ya mbingu, sayari ya hewa tupu yenye uzito wa nusu ya Mshtarii. Inaizunguka nyota yake kwa siku nne, karibu nayo mno, kiasi kwamba hewa yake inachemka na kupeperuka nyuma kama moshi wa kuni mbichi. Moshi huo ndio tulioufuata. Tunauvuna, tunachuja heli, meli zinakuja kuichukua. Na kituo chetu, Kivulini, kimekaa nyuma kabisa ya Pandikizi, mahali ambapo nyota haituoni nasi hatuioni. Nyota yenyewe tunaiita Nduguye, kwa sababu inafanana na jua la nyumbani kwa rangi na kwa ukubwa. Wageni wakisikia hivyo hufurahi. Wakikaa wiki mbili hawaulizi tena kwa nini hakuna anayetaka kuiona.

Pazi ndiye aliyekuwa anaiona. Kila baada ya miezi miwili alikwenda kukaa wiki mbili peke yake kwenye Roshani, chombo kidogo kilichochungulia ubavuni mwa Pandikizi, upande wa mwanga. Kazi yake ilikuwa kutazama madoa ya Nduguye na kutuambia kama yanatulia au yanavimba.

Sasa utani wetu. Babu wa babu zangu walibeba pembe mabegani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na babu wa babu zake waliwangoja njiani wakawatoza ushuru wa kupita. Wakagombana, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Namtukana, ananitukana. Namnyang'anya sahani, anacheka. Akifiwa, mimi ndiye ninayekwenda kufanya vituko msibani ili wanaolia wapate kupumua. Havijawa, mkewe, alipofariki hapa kituoni, nililala chali mlangoni mwa chumba cha baridi nikakataa maiti isipite mpaka Pazi aseme kwa sauti kwamba Wanyamwezi ni wazuri kuliko Wazaramo. Akasema, machozi yanamtoka na mbavu zinamuuma kwa kicheko. Watu wa makabila mengine waliona haya kwa niaba yetu. Yeye alinishukuru mwaka mzima.

Kwenye laini ya ulinzi, hii ya Roshani, utani ulikatazwa. Nilijua. Na aliyeuanzisha ni mimi, miaka mitatu iliyopita, siku aliponiambia kwamba ukimya wa Roshani unamfanya asikie damu yake ikipita masikioni. Nikamtukana ili asikie kitu kingine. Baada ya hapo hatukuacha.

*

Tusi la kumjibu halikunijia. Nikacheza ujumbe tena ili nipate pa kuanzia, na mara ya pili nikasikia nilichokuwa nimekifunika kwa kicheko changu.

Nyuma ya sauti yake feni za kupoza chombo zilikuwa zinalia. Kwa kawaida feni za Roshani hunguruma chinichini. Hizi zilikuwa juu kabisa, sauti nyembamba ya kuumiza meno. Nikajiambia amefanya mazoezi, amewasha jiko, amejaza joto mwenyewe. Mtu huyo aliwahi kukaanga samaki wa kopo kwenye Roshani mpaka kengele ya moshi ikalia huku kwetu. Lakini leo hakuna kengele iliyolia.

Nikatazama saa. Saa tatu na dakika kumi na mbili.

Hesabu ya dhoruba tumeifunzwa wote, hata watoto. Doa la Nduguye likipasuka, mwanga wake unafika hapa kabla hujamaliza kukohoa, nao hautudhuru kwa sababu Pandikizi anaukinga. Kinachoua kinakuja nyuma yake. Ni chembe zenye umeme, na chembe hizo hazikingwi na kivuli. Zinafuata sumaku ya Pandikizi, zinamzunguka kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe, kisha zinakutana tena nyuma yake, pale pale tulipojenga. Zinachukua dakika arobaini. Pengine hamsini, pengine thelathini na tano. Dhidi ya chembe hizo tuna ngao, sumaku iliyozungushiwa kituo kizima, na ngao inahitaji dakika kumi na nane kusimama na umeme wote tulio nao, wote, hadi wa taa za jikoni.

Hadi wa Roshani. Mtu atauliza, penye jua kali namna ile umeme unaletwa wa nini? Vibao vya kuvuna jua viliyeyuka mara tatu, wakaacha. Roshani inakula umeme wetu. Tunautuma kwa mwale, kutoka kioo hadi kioo, na huo ndio unaoendesha feni zake na kila kinachomzuia mtu aliyemo asiive. Ngao ikisimama, mwale unakatika. Na ngao ikishasimama haishuki kabla ya muda wa saa saba kupita, kwa sababu sumaku zake zikilazimishwa zinapasuka.

Zamani mashine ndiyo iliyoamua. Ilikosea mara moja tu. Iliinua ngao kwa dhoruba ambayo haikuja, na mchungulizi wa kwanza wa Roshani, binti wa Kilwa aitwaye Mwanaharusi, alizungumza nasi kwa dakika hamsini kabla hajanyamaza, nje hakuna upepo wala chembe. Wakubwa wakakaa. Wakaamua kwamba uamuzi utolewe kwa neno la mtu, na mtu huyo awe yule yule atakayekufa kwa neno hilo. Mtu hawezi kukosea kuhusu kifo chake mwenyewe, walisema. Neno lenyewe ni "machweo." Mchungulizi akilitamka, mashine inalisikia na haimuulizi mtu. Wakaongeza na mkono mwekundu wa kuinulia ngao kwenye meza yangu, chini ya kifuniko cha kioo, endapo mchungulizi atazimia kabla ya kusema. Uamuzi huo uliposomwa ukumbini tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, na miaka mitatu mizima nikakitumia kifuniko kile kuwekea vikombe.

Pazi hakusema machweo. Alisema amekufa ngomani.

Kama ulikuwa utani na nikavuta mkono, nitakuwa nimempika rafiki yangu kwa sababu alinichekesha. Kama haukuwa utani na nikaacha, dhoruba itatukuta uchi, watu mia tatu na kumi na wawili. Mwisho wa kuvuta, dakika arobaini tangu ujumbe ukitoa kumi na nane za ngao, ulikuwa saa tatu na nusu. Satelaiti ingerudi saa tatu na dakika thelathini na nne. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa kidole mezani, nikitumaini nimekosea kujumlisha. Dakika nne. Ningeweza kumuuliza Pazi chochote nilichotaka, ila dakika nne baada ya jibu lake kuwa na maana.

*

Nikamwita mkuu wa kituo. Mama Mgonja ni Mpare wa Usangi, mhandisi wa sumaku, mwanamke asiyepandisha sauti. Ilikuwa siku ya usafi, boti zote za kuvuna zimefungwa na watu wote wamo ndani, kwa hiyo alifika haraka, mikono imelowa na sabuni hadi viwiko. Nikamwambia yote bila kupumua, pamoja na miaka mitatu ya matusi kwenye laini ya ulinzi. Nilitegemea anichape kofi. Hakunitazama hata usoni. Aliniambia nicheze ujumbe.

Akausikiliza mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho.

Alisema anazisikia feni, na kwamba feni peke yake hazitoshi, kwa kuwa picha ya mwisho ya Nduguye, iliyoingia saa mbili na nusu, ilionyesha doa kubwa lakini lililotulia. Alisema madoa makubwa tumeyaona kumi na tisa na lililopasuka ni moja. Nikamkumbusha kwamba hilo moja, kabla Roshani haijakaliwa na mtu, lilitosha kutoboa ghala la mbegu kabla ngao haijakamilika, nalo lilikuwa dogo kuliko hili. Akasema anakumbuka. Kisha Mama Mgonja, ambaye kituo kizima kilimwegemea, akautazama mkono mwekundu na hakuugusa.

Nikamwomba aamue yeye. Nilimwomba kwa kweli, nikamshika mkono wake wenye sabuni. Yeye ni mkuu, nikasema, mimi ni msikilizaji tu.

"Mimi simjui mtu huyu anavyocheza," akasema. "Kwetu hatutaniani hivi na Mzaramo. Nikiyasikia maneno haya nasikia mlevi. Wewe ndiye mtani wake, Kalunde. Niambie jambo moja tu. Hapa anacheka au analia?"

Saa tatu na dakika ishirini na moja.

Nilitaka awe anacheka. Siwezi kueleza nilivyotaka. Nikaanza hata kutunga jibu langu, kama ninavyofanya siku zote laini inapokatika, nikiamini kwamba nikipata jibu zuri basi utakuwa ni utani na hakuna kitu. Amesema amekufa ngomani. Basi nimjibu nini? Nimwambie kwamba Mzaramo akisikia ngoma huacha hata maiti mlangoni? Nimeshawahi. Nimwambie atakufa anakata kiuno? Nimeshasema mara ngapi sijui. Kila nililolishika lilikuwa limeshasemwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amelisema, dakika kumi na tatu zilizopita, kwa sauti yake.

Hapo ndipo nilipoacha kutunga.

Mtani hajitangazii msiba. Msiba wake ni kazi yangu, na wangu ni kazi yake, ndivyo ilivyo tangu babu wa babu zetu. Kwa miaka mitatu Pazi alikuwa ameniua mara mia. Alinisonga kwa ugali, aliniangusha mlimani na mzigo wa pembe, alinizika bila sanda kwa kuwa sanda nimeivaa sokoni. Hakuwahi kujiua mwenyewe hata siku moja. Wala hakuwahi kuwasema Wazaramo, kwa sababu wa kuwasema nilikuwepo. Leo alikuwa ameyachukua maneno yangu yote akayasema yeye, ya kifo chake na ya ngoma na ya chakula cha matanga, kama mtu anayejua kwamba mwenye maneno hatapata nafasi ya kuyasema.

Nataka hili lieleweke: sikuwa na hakika. Mtu anaweza kuamka siku moja akabadilisha mzaha wake. Mtu anaweza kuwa mpweke, amechoka kuua wengine. Nilichokuwa nacho ni desturi na feni, basi.

"Analia," nikasema.

Mama Mgonja akainua kifuniko. Kikombe changu kilianguka, hakikuvunjika. Akapeleka mkono wake kwenye ule mwekundu, na mimi nikamzuia. Sijui nilipata wapi ujasiri huo, wala sidhani kama ulikuwa ujasiri. Nilimwambia huyu ni wangu. Nikavuta saa tatu na dakika ishirini na sita.

*

Taa zikazimika zote. King'ora kikalia mara moja, kirefu, na baadaye nikasikia miguu ya watu wakikimbilia ukumbi wa ndani, na walimu wa chekechea wakiimba kwa sauti za juu mno ili watoto wafuate wimbo gizani. Chini ya sakafu sumaku zikaanza kuvuma. Kwenye meza yangu taa moja ya kijani, iliyokuwa ikiwaka tangu siku niliyoanza kazi, ikafa. Ilikuwa taa ya mwale wa Roshani.

Dakika nane nilizongoja pale sitaki kuzirudia, lakini nitazisema. Mama Mgonja alisimama nyuma ya kiti changu. Mbele yetu Pandikizi alikuwa mweusi vile vile, ametulia vile vile, hakuna kilichobadilika popote. Nikawaza, hakuna kitu. Hakuna dhoruba. Pazi yuko kule ameketi, anangoja satelaiti irudi anicheke, anaona feni zinapunguza mwendo na hajui kwa nini. Anagonga kipimo kwa kucha. Nikamwona kabisa akigonga. Nikaona jasho la kwanza.

Ndipo nikaomba. Nilimwomba Mungu alete dhoruba. Nilikuwa nasikia watoto wakiimba nyuma ya ukuta, na niliomba Nduguye ipasuke na itushukie, ili nisiwe nimemuua mtu bure. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili.

Saa tatu na dakika thelathini na nne laini ikafunguka. Roshani ina betri ndogo ya redio, haitegemei mwale.

"Umevuta?" Pazi akauliza. Hakunitukana, hakunisalimu.

"Nimevuta."

Akashusha pumzi ndefu. Nilisikia meno yake yakigongana, ingawa pale alipokuwa hakukuwa na baridi wala hakutakuwa na baridi tena.

"Dhoruba inakuja kweli?" nikamuuliza.

"Doa limepasuka ukingo hadi ukingo, Kalunde. Sijaona kitu kama kile. Inakuja."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, furaha ilinipanda mpaka kooni, nikaegemea meza nikalia kwa furaha, huku ninayeongea naye anaanza kuungua. Halafu furaha ikaisha na hasira ikakaa mahali pake. Nikamuuliza kwa nini hakusema neno. Neno moja, analijua, amefundishwa kulisema hata usingizini. Kama ningecheka dakika tano zaidi tungekufa sote, na watoto wale, kwa sababu yeye alitaka kuleta mzaha.

Aliponijibu sauti ilikuwa ya chini, si ile ninayoijua.

"Nililiweka mdomoni mara nne. Likakataa kutoka. Nikasema nijaribu tena, satelaiti inazama, likakataa. Mimi nilidhani nitaweza. Kila mtu anadhani ataweza. Naogopa, dada yangu. Nikaona nikwambie kwa njia ninayoiweza, nikajua wewe utasikia."

"Umenifanya muuaji wako."

"Najua," akasema. "Ningemwomba nani mwingine?"

Mtani ndiye anayezika, hilo nalijua, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anaweza kuombwa aanze mtu akiwa hai.

Mama Mgonja akainama kwenye kipaza sauti. Alimshukuru kwa jina lake kamili, Pazi Dihenga, kwa niaba ya kituo. Kisha akamwambia taratibu kwamba yeye ndiye anayeandika taarifa, na anaweza kuandika kwamba neno lilisemwa. Hakuna atakayejua zaidi yetu watatu. Jina lake litakaa ukumbini pamoja na la Mwanaharusi.

"Usiandike hivyo, Mama," Pazi akasema. "Andika nilivyofanya. Kesho kutwa mtamleta mtu mwingine hapa na mtamwambia hawezi kukosea. Ajue kwamba neno linakataa kutoka. Mtafute njia nyingine, msimwachie mtu peke yake."

Mama Mgonja akasema ataandika. Akageuka akatazama ukuta.

Ngao ikiwa inasimama huacha tundu moja la kupitishia redio, nalo huzibwa mwisho, kwa kitufe kilicho karibu na goti langu la kulia. Siku ya Mwanaharusi halikuzibwa kwa sababu hakukuwa na kitu nje; leo likiachwa wazi dhoruba inaingia kwa hapo. Saa yangu ilisema saa tatu na dakika arobaini na mbili. Zilibaki dakika mbili. Feni za Roshani zilikuwa zimenyamaza, na sasa nilisikia kuta za chombo chake zikialika kwa joto, moja moja.

"Kalunde," akasema. "Nitukane."

Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kukosa tusi la Mzaramo tangu nijifunze kusema, nilikosa.

"Nitukane kama siku zote. Usinililie. Kulia kwako kubaya, unakoroma."

Nikafuta pua kwa gauni lenye chai. Nikavuta pumzi.

"Pazi mwana wa Dihenga," nikasema, "Mzaramo usiye na haya. Watu wanakufa wamelala, wewe unakufa umekaa unangoja upigiwe ngoma. Ukifika kwa Havijawa mwambie umechelewa kwa sababu ulipita ngomani. Hatauliza ngoma ya nani, anakujua. Na malaika wafiche sahani, anakuja mtu wa kula pilau la msiba wake mwenyewe na kuulizia ukoko. Matanga yako napika ugali wa muhogo, sufuria tatu, bila mchuzi. Nitawakalisha Wazaramo wote wale mpaka walie machozi ya kweli, maana kwa ajili yako hawana."

Alianza kucheka katikati, kwenye ukoko. Kwanza ilikuwa pumzi tu inayotoka puani. Kisha kikaja kicheko chenyewe, kile cha mlangoni mwa chumba cha baridi, cha mtu anayeshika mbavu zake. Akajaribu kusema kitu kuhusu mchuzi, akashindwa, akacheka zaidi. Na mimi nilikuwa nacheka, na Mama Mgonja, aliyesema kwao hawataniani hivyo, alikuwa ameuma ncha ya khanga yake na mabega yanamtikisika.

Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini. Nilizijua, saa ilikuwa mbele ya macho yangu, na zilikuwa zake. Lakini kicheko kilianza kupungua, na nilisikia kitakachokuja baada yake. Nikabonyeza kitufe akiwa bado anacheka.